Uzoefu wangu: Honda CBR250R ya mwaka 2011 niliyoinunua ikiwa imesimama miaka mitatu

Pikipiki hii niliinunua Mbezi Beach, Dar es Salaam, kwa shilingi 4,800,000, kutoka kwa mzee mmoja ambaye mwanawe alisafiri na kuiacha chini ya turubai kwa takribani miaka mitatu. Dashibodi ilionyesha kilomita 14,000 tu, na namba hiyo ndiyo iliyonivuta. Baada ya miezi miwili ya matengenezo, namshauri yeyote anayetafuta pikipiki ndogo ya spoti ya zamani aulize kwanza imekaa muda gani bila kutembea, ndipo aulize kilomita, kwa kuwa mpira, petroli na mafuta ya breki huzeeka hata chombo kikiwa kimelala.

Kabla ya kutoa fedha nililinganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi, kisha tukakamilisha uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Hilo halikunisumbua.

Kwa wasioifahamu, hii ina injini ya cc 249 yenye pistoni moja, gia sita, nguvu ya farasi wapatao 26 na tanki la lita 13. Haina kabureta, kwani petroli hupulizwa kwenye injini kwa kuongozwa na kompyuta, na injini yenyewe hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoitofautisha na pikipiki za bodaboda ambazo mafundi wetu wengi wanazifahamu vizuri, na ndipo shida yangu ilipoanzia.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba rejeta inahitaji maji ya bomba tu, akaijaza na kunikabidhi. Wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, taa ya joto iliwaka. Nilisimama pembeni, nikaizima na kusubiri ipoe kabisa, kisha nikaisukuma taratibu hadi kwa fundi mwingine. Alipovua makava ya ubavuni na kufungua bomba la chini, maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yakiwa na chembe za kutu zilizobaki kwenye kiganja chake alipoyakinga. Tuliusafisha mfumo mara tatu mpaka maji yakatoka meupe, tukatia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa (distilled), nusu kwa nusu. Tangu siku hiyo taa haijawaka tena. Kulanti huzuia kutu na pia hupandisha kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka, kwa hiyo anayemwambia mteja kwamba ni anasa anamwingiza kwenye hasara ya injini.

Petroli ya zamani ilikuwa na harufu kali kama vanishi. Tuliimwaga yote, tukasafisha tanki na pampu iliyomo ndani yake, tukabadilisha plagi, na mngurumo wa injini ikiwa imesimama ukatulia.

Matairi yalikuwa na kashata nzuri, na mtu angeweza kudhani ni mapya. Lakini ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, palikuwa na tarakimu 1412, yaani yalitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. Nilipoukunja mpira kwa kidole gumba niliona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Saizi zake ni 110/70-17 mbele na 140/70-17 nyuma, na maduka mengi ya Kariakoo niliyoingia yalikuwa na matairi ya bodaboda tu; ilinibidi niagize, nikalipa shilingi 520,000 kwa yote mawili. Cheni nayo ni ya saizi ya 520, yenye pingili ndefu kuliko ile ya 428 iliyojaa madukani, hivyo usikubali kushawishiwa kwamba zinaingiliana.

Kwa jumla ukarabati umenigharimu shilingi 1,350,000, zikiwemo pedi za breki, mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, betri na oili. Nikijumlisha na bei ya kununulia, bado naona nimepata pikipiki bora kwa fedha hiyo. Nimeenda nayo Morogoro na kurudi. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini haihangaiki, breki zinashika kwa utulivu, na mgongo haukuniuma kwa sababu mkao wake haumlazimishi mtu kuinama sana.

Kimebaki kitu kimoja. Sili ya shokapu moja ya mbele inavujisha oili kidogo, na oili hiyo ikitiririka inaweza kufika kwenye diski ya breki. Nimeagiza jozi ya sili, na mpaka zifungwe sitaitoa nje ya mji.