King'amuzi kinaganda? Nunua kwa mpangilio huu

Zamani TV ikikosa mawimbi ilileta chenga. Mpira ulikuwa unauona, ila kama unachezwa kwenye mvua ya mchele. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, huruma hiyo haipo tena. Ama picha ni safi, ama mshambuliaji anaganda mguu ukiwa hewani, kisha kioo kinakuwa cheusi.

Hapo wengi hukimbilia busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Mimi pia nilikimbia. Nakaa bondeni huku Kimara. Fundi wa kwanza akaniuzia busta, wa pili antena kubwa zaidi, na picha ikaendelea kuganda. Wa tatu hakupanda hata juu. Alifungua kichwa cha waya nyuma ya king'amuzi, kile cha kuzungusha kama nati, akanionyesha uzi mmoja wa ule wavu wa nje umejikunja na kugusa shaba ya katikati. Akaukata kwa kucha, TV ikawaka. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kitu cha bei ndogo.

Ila kabla hujatoa hela, ingia kwenye menyu ya king'amuzi utafute mistari miwili, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora. Mwambie mtoto autikise waya huku wewe unaangalia. Mistari ikirukaruka, tatizo ni waya au kichwa chake. Ikiwa yote miwili iko chini na imetulia, shuku antena. Nguvu ikiwa juu huku ubora uko chini, mawimbi yanafika lakini machafu, na hapo busta haitakusaidia kitu.

1. Waya na vichwa vyake. Omba waya wa ohm 75, aina ya RG-6. Maandishi hayo huchapishwa ubavuni, uyasome mwenyewe. Ule mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi la antena acha ufungie mizigo. Hata RG-6 nzuri, kwenye mita 20 hupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi au zaidi kidogo, kwa hiyo kama mita 12 zinatosha usinunue 30, wala usirundike mabaki nyuma ya TV. Waya wa zamani ukiukata ukakuta shaba imekuwa nyeusi au kijani, maji yameshaingia, utupe wote. Kwa wa Kigamboni, Tanga au Mombasa chumvi ya bahari huumaliza mapema zaidi, basi kichwa cha juu kizungushie tepu ya mpira. Na kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuufuata mpaka sebuleni.

2. Antena ya nje, juu ya bomba refu. Ukiwa na hela ya kuongeza kimoja tu, ongeza urefu wa bomba, si ukubwa wa antena. Matangazo yetu ya dijitali yako kwenye masafa ya redio yaitwayo UHF, ambako wimbi moja lina urefu wa kama nusu mita. Kusogeza antena hatua moja kulia kunaweza kubadili kila kitu. Tazama mapaa ya majirani ambao TV zao ziko safi: antena zao zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Iga hivyohivyo.

Ukiona boksi limeandikwa "kilomita 300", lirudishe. Dunia ina mgongo. Mnara wa mita 150 na antena yako iliyo mita 10 juu vinaonana kwa kama kilomita 63 kwenye ardhi tambarare, na Kimara si tambarare. "4K" nayo ni mapambo. Antena haijui picha ina ubora gani, inapokea mawimbi tu. Bomba la chuma liwe mbali na nyaya za umeme, na wingu likitanda usipande.

3. Dishi. Kama kilima kimesimama kati yako na mnara, acha kupigana nacho. Dishi linatazama juu, kilima hakilihusu, japo mvua kubwa ya masika hulikatisha. Uliza swali moja tu dukani: kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, nenda duka la pili.

4. Busta. Haitengenezi mawimbi; inakuza yaliyopo pamoja na uchafu wake. Kazi yake halali ni pale waya ni mrefu mno, au antena moja inalisha vyumba vitatu, maana splita, kile kigawanyio cha waya, hata ikiwa ya njia mbili tu humpa kila mmoja chini ya nusu ya mawimbi. Nunua ile ya kufungwa juu, karibu na antena, inayopata umeme kupitia waya huohuo. Hakikisha splita haizuii umeme huo usipande. Unakaa karibu na mnara? Usinunue kabisa. Mawimbi yakizidi, king'amuzi hupotea vilevile.

5. Antena ya ndani. Ya mwisho, ila kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona mtu juu ya bati, ndiyo iliyopo. Bati na nondo huzuia mawimbi, basi iweke dirishani upande wa mnara, mbali na friji, na uisogeze kidogokidogo huku mwenzako anasoma mstari wa ubora. Ukipata mahali pake, weka alama ya kalamu ukutani, maana siku ya kufanya usafi itahamishwa tu.