Uzoefu wangu: GPS ya kupandia mlima ndani ya Cessna 172

Ni karibu miaka miwili naruka na GPS ndogo ya mkononi, ile ya watu wa kupanda mlima, kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya kukodi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kusema kweli naipenda sana. Niliinunua ya kwenda Mlima Kenya, mambo ya ndege yalikuja baadaye. Inakula betri mbili za AA, haitaki bando wala mtandao, na lile jua la kokpiti ambalo lilizima tableti yangu kwa joto tukiwa juu ya Kajiado halijawahi kuisumbua, tena jua likiwaka ndio skrini inasomeka vizuri zaidi.

Lakini ikitoka dukani imepangwa kwa mtu wa miguu. Weka umbali kwa notiko maili (maili ya marubani, kama kilomita 1.85), kasi kwa noti (notiko maili moja kwa saa), urefu kwa futi, halafu pale pa kutafuta njia chagua mstari wa moja kwa moja, la sivyo inataka ufuate barabara ya Namanga. Mimi naiweka juu ya dashibodi karibu na kioo, kwa sababu bawa la 172 liko juu ya kichwa na ukiiweka mapajani inapoteza setilaiti, ila angalia kwanza kama dira ya ndege haijasogea ulipoiweka.

Sasa kuna siku nilishtuka kabisa. Nilikuwa naenda Amboseli, nimeingiza koodineti za uwanja usiku nyumbani nikiwa nimechoka, asubuhi mashine inaniambia notiko maili 67. Kwa chati, ile ramani ya marubani, nilikuwa nimechora mstari kwa penseli na rula na nikapata 84. Kuangalia vizuri, kumbe mashine ilikuwa inasoma digrii na desimali, na mimi nimeandika digrii na dakika (digrii moja ni dakika 60), yaani digrii 2 dakika 38.7 zimekuwa digrii 2.387! Ningetua wapi? Ingenifikisha kwa pori tupu maili 17 kabla ya uwanja, na yenyewe inaonyesha nimefika. Hiyo penseli ndiyo iliniokoa, na bado tulikuwa chini, injini haijawashwa. Na kama unatoa koodineti kwa ramani za zamani za Kenya, zile za 1:50,000, zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na mashine iko kwa WGS 84, mfumo wa GPS, hapo unakosea kama mita 300, ambayo kwa kiwanja kidogo cha vumbi katikati ya miti ni nyingi.

Kitu nachopenda kuliko vyote ni kasi ya ardhini, yaani kasi halisi ya ndege juu ya ardhi. Kasi ya kweli ya ndege hewani uliyopigia hesabu ni noti 105, GPS inasema 92, basi unajua upepo unakula noti 13 na zile maili 84 ulizozipigia hesabu dakika 48 zimekuwa dakika 55, unaangalia mafuta ukiwa bado na nafasi ya kuamua. Kwa kweli hapo pekee imenirudishia pesa yangu.

Urefu wake usiufuate. Nikiwa futi 7,500 kwa altimita, kipimo cha urefu cha ndege kinachotumia presha ya hewa, yenyewe mara nyingi inasoma juu zaidi, hata futi 150 siku ya joto, maana hewa ya joto imetanuka na GPS inapima kivyake bila presha. Wenzako wote angani wanafuata altimita, na wewe fuata hiyo hiyo. Pia haijui anga ya Nairobi inayoongozwa na waongoza ndege inaanzia wapi, haina masafa ya redio, na ukiiambia ikupeleke Moshi kutoka Amboseli itachora mstari upite Kilimanjaro, futi 19,341, bila kukuonya, na saa nne asubuhi mlima wenyewe mara nyingi umeshajifunika mawingu.

Kwa hiyo mimi chati iko gotini, GPS iko kando, na kila dakika 10 naweka alama ya penseli mahali inaposema niko, halafu naangalia nje kama reli au mto uko pale unapotakiwa kuwa. Betri mpya mbili ziko mfuko wa shati, si kwa begi nyuma, maana mtikisiko wa injini ulishawahi kuizima kabla sijaweka kipande cha karatasi pale betri zinapogusa kifuniko.