Fleti ya vyumba vitatu Kisutu, ghorofa ya 6: uzoefu wangu

Fleti yenyewe iko katikati ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka Soko la Kisutu. Jengo lina maduka chini na ghorofa 10 juu yake, fleti mbili kila ghorofa. Hii ya ghorofa ya 6 ina vyumba vitatu (kimoja masta), sebule yenye roshani, jiko, stoo na choo cha wageni. Bei ya dalali ni shilingi milioni 390. Nimeikagua asubuhi, alasiri na usiku. Fleti ya mjini haikaguliwi mara moja saa nne asubuhi, wakati maji yanatoka, umeme upo na lifti imetoka kupigwa deki.

Nianze na kutembea, maana ndicho unacholipia hapa. Sokoni ni dakika mbili. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko karibu kiasi kwamba ukisahau kadi unarudi kuichukua bila kununa. Posta ya Zamani ni kama dakika kumi, Stesheni ya treni ya SGR robo saa, Maktaba Kuu ipo jirani, na Muhimbili unaifikia kwa dakika 20 hadi 25 ukipitia Upanga. Faida kubwa inaonekana Masika: bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi hukwama. Mwenye ofisi Posta au Kivukoni na anayelala Kisutu tayari yuko upande huu wa bonde.

Ila pita njia hizo kwa miguu yako, usizipime kwenye ramani. Magari yanaegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto anashuka barabarani kila baada ya maduka mawili matatu. Baadhi ya chemba hazina mifuniko. Maduka yakishafungwa mitaa inapwaya, na taa haziwaki kote. Jumapili mchana ukitaka hata vitunguu inabidi ujue duka gani limefunguliwa. Wanaouza wanasema mji haulali; huu unalala mapema sana.

Maegesho ni gari moja kwa kila fleti, chini ya ardhi. Mgeni wako ataegesha barabarani na kulipa ushuru wa maegesho. Huko chini angalia shimo la kukusanyia maji na pampu zake. Maji ya ardhini katikati ya Dar hayako mbali, na pampu ikiwa moja, siku itakapoungua gari lako litaoga. Ziwe mbili, na ya pili iwashwe mbele yako. Hapa zipo mbili, lakini ya pili haina hata waya.

Sasa ndani. Tangazo linasema mita za mraba 140. Kwa futi ya mkononi, ukuta hadi ukuta, nilipata 118. Si wizi moja kwa moja: wauzaji wengi hujumlisha unene wa kuta, roshani na sehemu ya korido. Lakini kwa 140 unalipa kama milioni 2.8 kwa mita ya mraba, na kwa 118 unalipa milioni 3.3. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza mezani. Kinachohesabika kisheria ni ukubwa ulioandikwa kwenye ramani ya jengo iliyosajiliwa, basi omba nakala yake kabla ya kuanza kubishana bei.

Sebule inatazama kaskazini-mashariki na inapata upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, wakati joto limepamba moto. Hiyo ni bahati. Masta imeelekea magharibi: saa kumi jioni ukuta wake unachoma mkono, na usiku kucha unarudisha joto ndani. Bila kiyoyozi chumba hicho hakilaliki Januari hadi Machi. Weka gharama ya umeme kwenye hesabu zako mapema.

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa majengo ya hapa. Inapenya kwenye zege, nondo inapata kutu, kutu inavimba, plasta inaachia. Chukua mpini wa bisibisi ugonge dari ya roshani kidogo kidogo. Sauti nzito ni zege zima; sauti ya kopo tupu ni plasta iliyoachia, na nyuma yake mara nyingi kuna nondo inayooza. Roshani hii ina sehemu mbili zenye sauti ya kopo, kila moja ukubwa wa sinia. Zinatengenezeka: unabomoa hadi nondo, unasugua kutu, unapaka dawa, unarudishia kwa mchanganyiko wa kukarabatia zege. Kupaka rangi juu yake, kama ilivyofanywa hapa, ni kuahirisha tu. Na dari ya roshani yako ndiyo sakafu ya roshani ya jirani wa juu, kwa hiyo nani analipa ni swali la kanuni za jengo, lisiachwe kwa ujirani mwema.

Maji. Juu ya paa kuna matangi yenye jumla ya lita 20,000, na chini kuna tangi la lita 40,000. Kwa fleti 20 hiyo ni lita 3,000 kila moja. Familia ya watu watano inatumia kama lita 600 kwa siku, kwa hiyo DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wakikata una siku tano, kama maduka ya chini hayachoti humo. Yanachota. Pia kuna kisima, lakini maji yake ni ya chumvi: yanakula mabomba, yanaua hita za kuogea na sabuni haitoi povu. Uliza kama yanachanganywa kwenye tangi moja na ya DAWASA. Njia rahisi ya kujua ni kuonja, kisha kutazama bomba la kuogea: ukoko mweupe kwenye matundu unasema yote.

Presha ya maji ghorofa ya 6 ni nzuri, kwa sababu tangi liko kama mita 15 juu yako, sawa na baa 1.5. Ghorofa ya 10 wana mita tatu tu, na hita za papo kwa papo nyingi hazikubali kuwaka kwa presha hiyo bila pampu ya ziada. Mandhari ya bahari ya kule juu inauzwa ghali, hili halitajwi.

Lifti ni moja. Kwa jengo la ghorofa 10 hiyo ni dosari ambayo haitengenezeki, na peke yake ingetosha kumwambia mwenye mzazi mzee aende akatafute kwingine. Omba cheti cha ukaguzi na daftari la matengenezo, si maneno ya mlinzi. Kisha umeme ukikatika hesabu sekunde: jenereta iwake yenyewe, na lifti iendelee. Hapa ilichukua kama dakika tatu, kwa sababu mlinzi anaiwasha kwa mkono. Tena jenereta inabeba lifti, pampu na taa za korido tu, si ndani ya fleti. Tangazo liliandika "jenereta ipo". Kweli ipo.

Kilichonirudisha nyuma kuliko yote ni hesabu ya mchango wa huduma. Kila fleti inatakiwa kutoa shilingi 280,000 kwa mwezi, jumla milioni 5.6. Kwenye ubao wa matangazo wadaiwa ni saba, yaani zinaingia takribani milioni 3.6. Humo wanalipwa walinzi, wafanya usafi, fundi wa lifti, umeme wa pampu na dizeli. Jenereta ya kVA 100 ikibeba nusu ya uwezo wake inakunywa lita 12 hadi 15 kwa saa. Mwezi wa mgao dizeli inameza fedha yote, na cha kwanza kuachwa ni matengenezo. Ndiyo maana pampu ya pili haina waya na dari zinapakwa rangi. Hakuna akiba ya kubadilisha lifti. Unanunua vyumba vitatu, pamoja na sehemu ya ishirini ya matatizo ya jengo zima.

Upande wa karatasi, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Hii inayo, na hilo ni jambo kubwa, kwani fleti nyingi za mjini zinauzwa kwa mkataba wa mauziano tu, na benki haichukui mkataba kama dhamana. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani au zuio. Tazama miaka iliyobaki kwenye hati ya kiwanja, si ya fleti pekee, kwa sababu fleti haiishi zaidi ya ardhi iliyoibeba. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenzi wake iwe ya maandishi. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni mzigo wa muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, uhamisho haukamiliki; ushuru wa stempu, asilimia 1, utaangukia kwako. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kama fleti ina mita mbili za umeme hakikisha haikatwi mara mbili. Asiye raia ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi haki ya kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Mahali ninapapa alama tisa kwa kumi, fleti saba, jengo nne. Kwa milioni 390 sichukui. Kwa milioni 330 naichukua, kwa masharti mawili: barua ya chama cha wamiliki kwamba fleti haina deni la huduma, na asilimia 5 ya bei ibaki kwa mwanasheria hadi jina libadilike kwenye hati na kwenye mita ya umeme. Dalali alisema masharti hayo yatamfukuza muuzaji. Tangazo bado liko pale pale.