Paneli za PVC ukutani: zinapendeza penye ukuta mkavu, haziponyi ukuta wenye unyevu

Paneli za PVC, yaani plastiki ngumu, ndizo zinazotawala ukarabati wa nyumba mjini Arusha kwa sasa. Ukiingia katika nyumba nyingi mpya za Njiro, Moshono au Olasiti, aghalabu utakuta ukuta wa televisheni umevishwa mashiti yenye sura ya marumaru, pembeni yake zimepangwa paneli za michirizi zenye rangi ya mbao, na kandokando unapita mkanda wa taa za LED. Nimeziweka sebuleni kwangu Sakina, na nimeziona zikiwekwa na baadaye kubanduliwa nyumbani kwa dada yangu Ilboru. Kwangu zimenifurahisha, kwa dada yangu zimenisikitisha, ilhali duka ni lilelile na fundi ni yuleyule. Tofauti ilikuwa kwenye kuta zenyewe, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Nianze na bidhaa. Shiti la marumaru lina upana wa mita 1.22, urefu wa mita 2.44 na unene wa takriban milimita 3. Limetengenezwa kwa PVC iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, kisha juu yake kukabandikwa utando wenye picha ya marumaru na tabaka la kung'aa. Paneli za michirizi ni nyembamba na huja na urefu wa karibu mita 2.9. Tarakimu hizi zina maana kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu nyumba zetu nyingi zina kimo cha mita 2.7 hadi 3 kutoka sakafuni hadi darini, kwa hiyo shiti likisimamishwa halifiki juu. Ukuta wangu una upana wa mita 4, ambao unahitaji mashiti manne, na bado juu ulibaki mwanya wa zaidi ya sentimita 25. Muuzaji hakulisema hilo hadi nilipouliza. Fundi alilimaliza vizuri kwa kushusha ukingo wa jipsamu kutoka darini na kuuficha mkanda wa taa ndani yake, lakini hiyo ni kazi ya ziada na ni malipo ya ziada, na ingefaa mteja aelezwe kabla hajatoa fedha.

Kazi ya fundi huyo ninaisifu bila kusita. Ukuta wangu ulikuwa na rangi ya mafuta, naye alikataa kubandika juu yake kabla ya kuikwangua yote kwa msasa, akieleza kwamba gundi hushika rangi, na rangi ikiachia lipu, shiti nalo linaondoka nayo. Alifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akasubiri ukuta ukauke, kisha akapaka gundi kwa mistari ya kusimama na kuzungushia silikoni pembezoni. Matundu ya soketi aliyapima kwa karatasi kwanza, akaichora karatasi hiyo mgongoni mwa shiti na kukata kwa msumeno wenye meno madogo, hivyo hakuna mahali ambapo kifuniko cha soketi kimeacha ufa. Palipokutana mashiti mawili aliweka mkanda wa alumini wa rangi ya dhahabu, na chini yake akaacha nafasi ya milimita chache. Nilipouliza sababu, alinijibu kwamba PVC hutanuka. Ni kweli: kipande cha mita 2.9 kinaweza kurefuka kwa milimita tatu hadi nne joto likipanda kwa nyuzi 20, na tofauti kati ya alfajiri ya Julai na jua la mchana wa Februari dirishani si ndogo hapa kwetu. Paneli zilizobanwa kichwa kwa kichwa bila nafasi ndizo unazoziona zimejikunja katikati ya ukuta.

Jikoni sizipendekezi nyuma ya jiko. PVC huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 80, na mwali wa jiko la gesi ulio karibu na ukuta unafika hapo bila shida. Ni kweli kwamba haishiki moto upesi, lakini ikiungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayochoma macho na koo. Mahali hapo weka marumaru za kawaida (vigae), ambazo sasa zinatengenezwa hapahapa nchini, Chalinze na Mkuranga, wala hutajuta.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Chumba cha watoto kwa dada yangu kina ukuta unaoelekea upande wa mlima. Ilboru iko mteremkoni mwa Mlima Meru, udongo wake hushika maji, na masika ya Machi hadi Mei huacha ardhi imelowa kwa wiki nyingi. Rangi ya ukuta huo ilikuwa ikivimba na kubanduka kila mwaka, na chini, karibu na sakafu, ulikuwa ukitoka unga mweupe kama chumvi. Dada alikwenda dukani kutafuta suluhisho, akaambiwa: "Dada, ukishafunika na hizi, habari ya unyevu utaisahau." Ukuta ukafunikwa wote, kuanzia sakafuni hadi kwenye ukingo wa jipsamu.

Kwa macho, ulipendeza sana. Masika yalipoingia, chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, na mwanawe mwenye pumu akawa anaamka usiku akikohoa. Tulipobandua shiti la kwanza tulikuta mgongo wake umejaa ukungu mweusi kutoka chini hadi usawa wa kiuno, lipu imelainika kiasi cha kuchimbika kwa kidole, na fito za mbao zilizoshikilia mashiti ya pembeni zimeanza kuoza. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na humo lilieleza wazi kuwa wakazi wa nyumba za namna hiyo wako katika hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua na kuzidiwa na pumu. Kwa hiyo tulichokuwa tumekificha nyuma ya sura ya marumaru kilikuwa hatari kwa mtoto.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Tofali la saruji na lipu yake vina vinyweleo, navyo hufyonza maji kutoka ardhini na kuyapandisha, mara nyingi hadi karibu mita moja. Ikiwa mjenzi hakulaza nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na nyumba nyingi za zamani hazina, maji hayo hupanda bila kizuizi yakiwa yamebeba chumvi. Ukuta wenye rangi ya maji huyatoa kidogokidogo kama mvuke, ndiyo maana chumvi hubaki juu yake. Ukuta uliofunikwa na PVC hauna pa kuyatolea. Paneli haipitishi maji, na sifa hiyo hiyo inayofanya iuzwe sana ndiyo inayoyafungia maji nyuma yake.

Kwa dada yangu chanzo kilionekana tulipotoka nje. Bustani ya maua ilikuwa imeinuliwa ikaegemea ukuta, udongo ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani, na bati upande huo halikuwa na gata. Udongo umeshushwa hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, gata imefungwa, na mfereji wa zege unapeleka maji mbali na msingi. Lipu iliyooza ilibanduliwa, ukuta ukaachwa wazi kukauka katika miezi isiyo na mvua, ukapigwa lipu mpya na kupakwa chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji fundi wa mapambo, na nyingi kati yake ni kazi za jembe na koleo.

Kabla ya kununua, fanya jaribio hili, ambalo duka lolote linalouza paneli lingepaswa kumfanyia mteja kwanza. Kata kipande cha nailoni nyeupe, kibandike kwenye ukuta kwa utepe kuzunguka pembe zote ili hewa isipite, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ujue ukuta unatoa maji. Shughulika na maji hayo kwanza. Yakitokea upande wa nje, unaotazama chumba, tatizo ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa. Pasipo na tone lolote unaweza kuendelea, ila kwa usalama lifanye jaribio hili wakati wa masika, si mwezi wa Septemba, ambapo karibu kila ukuta ni mkavu.

Kwa ukuta mkavu wa sebuleni, basi, ninazipendekeza kwa moyo wote: husafishika kwa kitambaa, mchwa hawazili, na fundi mzuri hulimaliza ukuta mmoja kwa muda mfupi bila kuijaza nyumba vumbi la saruji. Nunua mashiti yote siku moja na uongeze moja la akiba, kwa kuwa picha na rangi hubadilika kati ya mzigo mmoja na mwingine. Yatandaze sakafuni hapohapo dukani uone kama mistari ya marumaru inaoana, na mwambie muuzaji aandike kwenye risiti vipimo na namba ya rangi, maana likivunjika moja baadaye, namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kupata linalolingana nalo.