Kupunguza tumbo au baipasi?

Dada yangu wa Uyole ana kisukari na kiungulia kinachomwamsha usiku. Daktari amempa njia mbili za upasuaji wa kupunguza uzito. Kupunguza tumbo: karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, haurudi tena. Upasuaji wake ni mfupi, lakini kiungulia huweza kuzidi.

Baipasi huacha kifuko cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mdogo. Kisukari hutulia vizuri zaidi, kiungulia hupungua. Ila kikombe cha chai ya Tukuyu chenye sukari vijiko vinne kinaweza kumtoa jasho na kumharisha, dawa ya maumivu ya diklofenaki huweza kumletea vidonda vya tumbo, na vidonge vya vitamini B12, chuma na kalsiamu ni vya maisha.

Mshono kuvuja na damu kuganda? Kote kupo. Mimi naona baipasi inamfaa, mradi vidonge avipate hapahapa Mbeya.