Stesheni wamefungua, chumba cha abiria wamefunga

Haya ni maoni yangu, na alama zangu, kwa treni ya abiria ya Dar hadi Moshi. Nauli na ratiba siandiki, hayo utaulizia mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kufuli.

Kijistesheni chetu kiko kati ya Korogwe na Same. Treni za abiria zilikoma kwenye reli hii katika miaka ya 90, kwa hiyo mimi nimekua nikiijua stesheni kama mahali pa kuanikia mahindi. Popo darini, mbuzi barazani. Treni ya Dar iliporudi hadi Moshi Desemba 2019, mama yangu alilia machozi, kwani alikuwa akiipanda tangu usichana wake. Sisi wa stesheni ndogo tukangoja zamu yetu. Ikafika: majani yakafyekwa, kuta zikapakwa rangi, mabenchi mapya yakashushwa. Nikamwambia mama, safari hii hatupandi basi.

Basi juzijuzi hapa tukaenda. Treni inatoka Dar mchana, kwetu inapita usiku. Baridi, umande, na mbu wenye njaa ya miaka thelathini. Mama ana magoti mabovu. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha abiria, nikakuta kufuli, tena kubwa, la kufungia ghala. Nikachungulia dirishani: mabenchi yamepangwa vizuri, bado yana nailoni.

Mlinzi alikuwa kijana mdogo. Alimtazama mama juu mpaka chini, shikamoo hakutoa. Nikamwomba atufungulie.

"Funguo anazo mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Amelala."

"Hiki chumba ni cha nani?"

"Cha abiria."

"Na sisi ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Nyie mnasubiri treni."

Naapa ndivyo alivyosema. Na hakuwa anatania.

Mama akakaa juu ya sandarusi la nguo, mgongo ukutani kwenye rangi mbichi. Khanga yake mpaka leo ina alama ya bluu. Nilirudi kwa yule kijana mara tatu. Mara ya tatu akaniambia nisimpigie kelele, yuko kazini. Kazi gani? Kulinda mabenchi yasikaliwe?

Treni ilichelewa, saa mbili na zaidi. Hilo wala silisemi kwa ubaya. Wajerumani walianza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi 1911. Ukilinganisha na miaka 18, saa mbili ni nini? Ningengoja hata nne, ningekuwa nimekaa.

Halafu ikapiga honi. Sijui niwaelezeje. Kwanza mwanga kule mbali kwenye mkonge, halafu ardhi ikaanza kutetemeka chini ya viatu, na mama, huyuhuyu wa magoti, akainuka bila kushikwa mkono. Ndani ya behewa akawa mtu mwingine. Anataja stesheni kabla hatujazifikia, na gizani humo! Anamweleza jirani yetu wa kiti wapi walikuwa wakiuza machungwa madirishani. Kulipopambazuka milima ya Upare iko dirishani upande wa kulia, mama ameegemeza paji la uso kwenye kioo, haongei. Hapo nilikuwa tayari kutoa alama zote, na za ziada.

Lakini tulipofika Moshi alishindwa kushuka ngazi za behewa. Magoti yalikuwa yamekakamaa kwa ile baridi ya usiku, tukambeba watu wawili. Hasira ikanirudia upya, sasa hivi naandika bado ninayo. Umerudisha reli, umefyeka msitu uliokuwa umeota juu ya mataruma, umeleta vichwa na mabehewa, halafu unashindwa na ufunguo mmoja! Alama moja. Hiyo moja ni ya honi.

Aa, sijui. Dereva na watu wa ndani ya treni hawana kosa, walitupokea vizuri, mmoja alimpa mama shikamoo mpaka akaona aibu. Wekeni tatu. Yule mlinzi sifuri.

Kurudi nilikata tiketi za basi bila kumuuliza mama, akaninunia njia nzima. Wiki iliyopita nimemkuta kwa fundi seremala, anapimiwa kigoda cha kukunja.

"Cha nini, mama?"

"Cha stesheni."