LUKU kwenye nyumba ya kupanga: uzoefu wangu Uyole

Sifa kubwa ya LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kwangu mimi, ni kwamba mita yenyewe haitegemei mtandao. Wapangaji wenzangu walikuwa wanaamini imeungwa na kompyuta za TANESCO, shirika la umeme. Wala. Ukilipa kwa simu, mfumo unatengeneza tokeni ya tarakimu 20 inayokubaliwa na mita yako peke yake, kisha wewe ndiye unayeipeleka kwa vidole. Mvua za Machi zikivuruga mtandao hapa Mbeya, aliyekwisha kupata meseji yake anaingiza umeme bila wasiwasi.

Karaha nayo inatoka hapohapo. Luku ikikata usiku, betri za rimoti ya kuingizia namba zimechoka, tarakimu 20 ni nyingi mno.

Mwaka 2024 zikawa nyingi zaidi. Kila tokeni hubeba muda ilipotengenezwa, unaohesabiwa kwa dakika kuanzia 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita za aina hii dunia nzima. Dawa ilikuwa kuingiza mafungu mawili ya namba kwanza, halafu ndipo ya umeme. Kwetu kazi ilimwangukia mama wa chumba cha mbele: "Mwanangu, nisomee taratibu, nne nne." Mita ikakubali, na uniti zetu za zamani hazikuguswa.

Kasoro ninayoilalamikia ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Kwa mkusanyaji ni ujanja mzuri sana. Lakini sisi tunaochangia mita moja, anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayebeba jengo zima, basi tarehe moja kila mtu anajifanya hana hela, hata kama ni Julai na Uyole imeganda na kila chumba kinataka maji ya moto ya kuoga. Elfu kumi isiyo na makato hayo hunipa uniti 28 na ushee. Yenye makato, hazifiki 24. Baba mwenye nyumba wetu ni muungwana, ukimwonyesha meseji anakupunguzia kwenye pango. Wa nyumba ya pili anacheka tu.

Nyota nne. Ukihamia nyumba yenye LUKU, piga picha namba ya mita kabla hujalipa pango, na ulizia kodi ya jengo anabeba nani.